Mdogo wangu, usinijibu ukiwa barabarani

Mdogo wangu,

Namba yangu umeifungia, mama amekataa kuendelea kubeba maneno kati yetu, na barua niliyompa mwanao akuletee ilirudi haijafunguliwa. Basi naandika hapa, hata wasiotujua wasome. Najua utachukia. Tangu utoto wewe ni mtu wa kuficha hata homa.

Naanza na yule baba wa baiskeli uliyemgonga na gari, maana najua hujamwuliza mtu yeyote hali yake. Anatembea kwa magongo mawili. Nyonga bado haijakaa sawa. Mara ya kwanza nilipokwenda kumwona wodini nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima, nikayarudia kama mtoto anayekwenda kwenye mtihani. Alichoniuliza ni baiskeli yake iko wapi. Nikamwambia iko kituoni. Akataka kujua kama gurudumu la nyuma limepona, kwa sababu lilikuwa jipya. Basi. Nikabaki nimekaa pale na maneno yangu.

Sasa ile korido ya hospitali, siku ya ajali.

Naiona mpaka leo. Begani ulikuwa na vipande vidogo vya kioo, vinang'aa kama chumvi, na hukuwa na habari navyo. Nilinyoosha mkono nikupanguse, ukadhani nataka kukukumbatia, ukanivuta pembeni. Ukaniwekea simu mkononi. Ukasema kwa sauti ya chini, "Dada, futa. Na kwako futa." Simu ilikuwa na ufa lakini ilikuwa inawaka. Chini ya swali nililokutumia ukiwa njiani, kwenye kile kisanduku cha kuandikia, zilikuwapo herufi sita ambazo hazikutumwa: "Nipo nj".

Nikakataa. Ndipo uliponitazama na kusema, "Aliyeuliza ni nani?"

Nilipofuatwa na trafiki nilisema ulikuwa unaandika. Hilo ndilo kosa langu kwako, na sijutii. Ulikuwa umeshamwambia kwamba mtu yule aliingia barabarani ghafla, na mwenyewe yuko chumba cha upasuaji, hana wa kumsemea. Ulikuwa tayari kumwachia lawama ya nyonga yake mwenyewe. Wewe, uliyekuwa unashuka kwenye baiskeli uking'ang'ania kuivusha barabara kwa miguu kwa sababu baba alisema hivyo. Nilishindwa kukutambua. Mpaka sasa, nikikumbuka ile sauti yako ya chini, mwili unanisisimka.

Nilirudi pale ulipomgonga siku tisa baadaye. Hujui hilo. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilichukua simu yangu, nikaweka saa ya kuhesabu, nikalisoma swali langu kama ndiyo kwanza linaingia, kisha nikaandika kwa kidole gumba kimoja mpaka kwenye ile j. Sekunde 7. Nikarudia mara kadhaa, nikitaka ipungue. Wewe mwenyewe ulisema ulikuwa kwenye 80, na gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Kwa sekunde 7 ni mita 155. Kwenye karatasi ni hesabu tu. Nikaenda kusimama pale zinapoanzia alama za matairi yako, ambazo ni fupi, fupi mno, nikarudi nyuma kwa miguu nikihesabu hatua. Zilizidi 200. Nilipita kalavati. Nilipita kibao cha wavuka njia. Nilipita nguzo tano za umeme, na kile kijia kinachotokea upande wa kulia, alikotokea yeye. Nikageuka kutazama. Kijia chote kinaonekana. Mtu anayesukuma baiskeli, mwenye mzigo nyuma, ungemwona akiwa bado hajafika hata ukingo wa lami. Hakuingia ghafla, mdogo wangu. Ghafla ilikuwa kwako wewe peke yako.

Nimekaa kwenye jiwe pale karibu na kalavati mpaka jua likawa kali.

Nakumbuka safari zetu pia, na hapa uniruhusu, maana siyo kwamba sikukuambia. Ile siku ulipoishika simu juu ya paja na usukani ukauachia magoti, nikakupiga kofi la mkono, ukacheka. Ile siku ulipojibu ujumbe kwenye foleni ukasema "gari limesimama, tatizo liko wapi?", hadi wa nyuma akapiga honi, ukaondoka macho yakiwa bado chini, na yule mama mwenye mtoto mgongoni akarudi nyuma kwa kuruka. Uingereza hata kwenye taa nyekundu, injini ikiwa inawaka, kushika simu ni kosa. Nilidhani ni ukali uliopitiliza mpaka siku nilipomwona mama yule akiruka. Kisha ukanunua kile kifaa cha sikioni, ukatangaza kwamba sasa mikono yote iko kwenye usukani, tumekwisha elewana. Hatukuelewana. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya ajali takriban mara nne ya asiyeitumia, na kwamba kutoishika mkononi hakuleti usalama mkubwa kuliko kuishika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah waliwapima madereva waliokuwa wakiamrisha mifumo ya gari kwa sauti, macho mbele, mikono kwenye usukani. Mwaka 2015 wakaonyesha kuwa kwa mifumo mibaya zaidi akili ya dereva ilichelewa kurudi barabarani kikamilifu kwa hadi sekunde 27 baada ya kumaliza. Sekunde 27! Zidisha mwenyewe kwa 22.

Uliwahi kuniuliza, sasa kuna tofauti gani na mimi kuzungumza nawe ukiwa umekaa pembeni yangu? Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo sasa. Mimi pembeni yako naiona barabara. Lori likija nanyamaza katikati ya sentensi, na wewe huoni hata kama nimenyamaza. Aliye upande wa pili wa simu haoni lori. Anaendelea kuuliza.

Anaendelea kuuliza. Nimekaa na maneno haya mawili kwa dakika nyingi kabla ya kuandika aya hii.

Huko New Jersey, Marekani, mwaka 2009 kijana aliyekuwa akiandikiana ujumbe na rafiki yake wa kike alihama upande wake wa barabara, akawagonga mume na mke waliokuwa kwenye pikipiki. Kila mmoja wao alipoteza mguu. Waliwashtaki wote wawili, kijana na yule binti aliyemwandikia. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikasema kwamba anayetuma ujumbe anaweza kubeba wajibu, ikiwa alijua, au alikuwa na sababu maalumu ya kujua, kwamba mwenzake yuko kwenye usukani na atausoma palepale. Binti hakubebeshwa wajibu wowote, kwa sababu haikuthibitika kwamba alijua. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Mara ya kwanza nilifurahi. Nilijisemea: ona, aliyeuliza hana kosa. Kuuliza siyo kuamrisha. Mtu mzima akiulizwa ana hiari ya kukaa kimya, simu inaweza kusubiri, leseni iko mfukoni mwake siyo mwangu. Na bado nasimama hapo. Mikono ilikuwa yako, mdogo wangu. Mguu wa breki ulikuwa wako.

Lakini mimi nilijua.

Ulikuwa umenipigia dakika ishirini kabla, ukasema "ndiyo nawasha gari". Nilijua uko kwenye usukani na nilijua tabia yako, unajibu kila kitu, hata ujumbe wa mtandao wa simu unaokujulisha salio. Nikaandika "Umefika wapi?" kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa na mama alikuwa ananiuliza mimi. Halafu chini ya jina lako nikaona lile neno, "anaandika". Nililitazama likiwaka. Lilipozima bila jibu kuja, nilikasirika. Nikakutumia wa pili: "Mbona kimya?"

Huo wa pili sikumwambia trafiki. Hakuuliza. Wewe pia hukuusema, pamoja na hasira zako zote, na hilo ndilo linalonifanya nishindwe kukuchukia nikitaka kukuchukia. Siku hiyo saa ya ujumbe ule ilinionyesha kwamba ulifika kwako wakati yule baba tayari yuko chini.

Kwa hiyo nikikushauri jambo sasa, ujue nashauri nikiwa wapi. Simu iingie kwenye buti, siyo kwenye kile kishikizo cha dashibodi. Kishikizo kile kinaileta usoni pako. Kama ramani unaihitaji, iweke kabla hujaondoka na isikilize. Hali ya kuendesha iliyomo kwenye simu iwashe: iPhone imekuwa nayo tangu 2017, nyingine nazo zinayo, gari likianza kwenda inanyamazisha taarifa, nayo inaweza kumjibu anayekutafuta kwamba unaendesha. Dakika mbili za kuiweka. New South Wales, Australia, tangu mwaka 2020 wanatoza faini kwa kamera zinazopiga picha kupitia kioo cha mbele na kuona simu mkononi mwa dereva, na mimi naunga mkono, ziwekwe kila mahali, usiku na mchana. Ila kamera hizo zingekukuta wewe tu. Mimi nilikuwa jikoni.

Nyumbani nimebadilisha. Mtu akisema anaondoka, haulizwi tena mpaka aonekane. Mama ilimsumbua sana wiki za kwanza, alikuwa anashika simu, anaitazama, anairudisha mezani kifudifudi. Sasa amezoea. Mwanangu alipochelewa juzi tulikaa wote watatu kimya saa nzima, hakuna aliyeandika. Ilikuwa saa ngumu. Alifika.

Usidhani nimekusamehe ile korido. Bado. Na sikuombi unisamehe mimi kwa kusema kweli, maana ningesema tena hata kesho. Ninaloomba msamaha ni lile la pili, "Mbona kimya?", na kwamba nilikuacha ubebe peke yako wakati nimesimama mbele ya trafiki nimevaa uso wa mkweli.

Baiskeli wameitoa. Mwenyewe alisaini karatasi, nikaenda kuichukua kituoni. Lile gurudumu jipya lilikuwa limepinda, fundi amelinyoosha, ila rimu ya mbele imebidi ibadilishwe. Nimeiegemeza ukutani hapa kwangu, karibu na mlango, kila anayeingia anaigonga. Alipouliza ni nani atakayemletea nilisema ni wewe. Njoo uichukue. Ukiwasha gari usinijulishe, sitauliza.

Dada yako