Pete ile imetoka wapi?

Mji wa Kale,
Mombasa.
9 Julai

Kwa Meneja wa Vipindi,
Kampuni ya Televisheni ya Kulipia,
Nairobi.

Bwana Meneja,

MINT: MALALAMIKO KUHUSU TAMTHILIA YA KITURUKI YA MUHTEŞEM YÜZYIL, SAA TATU USIKU

Mimi ni mteja wenu, huu mwaka wa sita. Nalipia kifurushi kila tarehe mosi kwa simu, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Hata ile Ramadhani king'amuzi kilipokaa siku nne kinaonyesha chenga, nikaambiwa ni mvua na Mombasa nzima haikudondoka tone, nilinyamaza. Leo naandika kwa sababu ya pete.

Wanaoifuata tamthilia hii wanaijua. Sultani Süleyman, aliyekalia kiti cha Uthmani mwaka 1520 akiwa na miaka 25, anaonekana katika sehemu za mwanzo akiwa kwenye meza yake ya usonara. Hasemi kitu. Kainamia kazi, jiwe la zumaridi liko mbele yake, na sisi tunamtazama. Hilo si la kubuni: wana wa ukoo ule walifundishwa kazi ya mkono, na yeye alijifunza usonara. Mahidevran, mama wa mwanawe Mustafa, anajua pete inatengenezwa na moyoni ameshaivaa. Kumbe inakwenda kwenye kidole cha Hürrem, mjakazi mgeni aliyeletwa juzi kutoka kaskazini. Siku Mahidevran anapoiona kidoleni kwa mwenzake, nyumba ile haikaliki tena.

Nyinyi mmeikata meza. Sultani haonekani akitengeneza chochote. Tulichoona Jumanne iliyopita ni Mahidevran anachachawa, analia, anataka kumla mtu nyama kwa ajili ya pete ambayo hatukuwahi kuiona. Binti wa kaka yangu, mwenye miaka 13, akaniuliza, "Shangazi, kwani pete ile imetoka wapi?" Nikaanza kumsimulia. Nikajikuta natumia dakika kumi kueleza kitu ambacho tamthilia ingekionyesha kwa dakika mbili bila neno.

Najua kilichokatwa kwa sababu hii ni mara yangu ya pili. Mara ya kwanza niliitazama kwa dada yangu Muscat, ikiwa imetiwa sauti za Kiarabu, wao wanaiita Harim as-Sultan. Nilikwenda kumuuguza, nikakaa miezi mitatu, na wallahi sijui nani alimuuguza nani. Nilipoona mmeileta kwa Kiswahili niliwaombea dua.

Sasa nieleze sisi ni nani, maana nahisi mnamfikiria mtazamaji kuwa kijana mmoja kajinyoosha kwenye kochi na simu mkononi. Ukumbini kwangu, baada ya isha, hukaa wanawake sita. Tunashona kofia, zile kofia za viua za mkono. Kila kiua ni tundu dogo unalolitoboa, ukalizungushia uzi mpaka likasimama, kisha unakwenda la pili yake, na kofia moja nzuri hula wiki nyingi. Macho yako chini kwenye sindano, yanapanda kwenye televisheni, yanashuka tena. Tamthilia inayokimbia haitazamiki na mtu mwenye sindano; ukiinua kichwa mtu ameshauawa na hujui kakosa nini. Hii ya kwetu ilikuwa inatungojea. Unamaliza kiua, unainua macho, Sultani bado amesimama dirishani anafikiri, nawe unajua anafikiri nini kwa sababu na wewe ulikuwa unalifikiri hilo hilo. Mama mkwe wangu, aliyekaribia miaka 80 na masikio yamemchoka, anaifuata kwa nyuso tu. Huwa anatuambia, "Huyu Paşa hatafika mbali, mtazameni jicho." Na kweli, İbrahim Paşa, waziri wa Sultani, hakufika mbali.

Tangu mwanzo wa mwezi wa Juni mambo yamebadilika. Kwanza ulipita mstari chini ya kioo: kutokana na maoni ya watazamaji, tamthilia sasa itakwenda kwa kasi zaidi. Tukadhani mtaonyesha sehemu mbili kwa usiku. Siku ya pili yake Valide Sultani, mama wa Sultani, kafungua mdomo, sauti imetoka nyembamba kama ya kasuku. Tukatazamana. Watu wa kasri walikuwa wanatembea ukumbini mle kama wamechelewa feri ya Likoni. Mmeisukuma picha, Bwana Meneja, msinikatalie. Mkanda wa harusi ukichezwa kwa haraka hata mtoto anajua.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu (ule haujaharakishwa) akapokea binti mwenye adabu zake, akaniambia, "Mama, wengi wamelalamika tamthilia inajikokota, kwa hivyo tumepunguza pale pasipotokea kitu." Nikamuuliza nani anayeamua pasipotokea kitu. Akasema ni mitambo. Nikamuuliza mitambo inajua kwamba pete ina kazi baadaye? Akacheka, maskini, akanishauri nikaitafute nzima kwenye intaneti. Yaani nimelipa duka ili nielekezwe duka la jirani.

Basi nikachukua saa ya ukutani na karatasi. Kwa siku 14 niliandika. Kipindi chenu ni cha dakika 60. Usiku wa tarehe 24 Juni, kwa mfano, mlianza na yaliyopita kwa dakika 7. Matangazo yalikula dakika 21, na tangazo moja la sabuni lilirudi mara tano. Mwishoni dakika 4 za yatakayokuja kesho, kisha majina. Kila mkirudi kutoka kwenye matangazo mnaturudishia kipande tulichokwisha kukiona, dakika moja na ushei, kana kwamba tumepoteza fahamu. Tamthilia yenyewe ilibaki dakika 24. Ndani ya dakika hizo ndimo mmekwenda kupunguza mwendo wa polepole.

Hapo ndipo ninapowalaumu hasa. Wateja wamewaambia kitu kinachelewa, na wamesema kweli, kinachelewa. Ila kinachochelewa ni nyinyi. Mtu anayengoja nusu saa kupewa dakika mbili za Sultani lazima atasema Sultani ni mzito.

Sitaki kuonekana kama naitetea kwa upofu. Kuna urefu mwingine ni wa bure, nakubali. Mtu anasema neno zito, kisha kamera inamtazama huyu, inamtazama yule, inarudi kwa huyu, ngoma inapigwa, na matarishi wawili mlangoni nao wanatazamana. Mwanangu wa kiume akipita hapo husema, "Mama, bado hawajamaliza kushangaa?" Na hana makosa. Sababu yake inajulikana: kule Uturuki tamthilia hii ilitoka mara moja kwa wiki, Jumatano, kuanzia Januari 2011 hadi Juni 2014, sehemu 139, na sehemu moja ya tamthilia za kwao huchukua dakika 90 na zaidi, hata 120. Lazima zijazwe. Mwaka 2010, kabla hii haijaanza, waandishi na waigizaji wa huko waliandamana wakilalamikia urefu huo. Zikiuzwa nje hukatwa vipande vidogo, nalo sina ugomvi nalo. Kama mngepunguza ule mshangao wa matarishi ningewashonea kofia. Lakini mitambo yenu imeacha mshangao wote, kwa kuwa una ngoma, ikakata meza ya sonara kwa kuwa ni kimya.

Kila mtu ana maoni yake juu ya Sultani huyu, na si wa kwetu tu. Ilipoanza tu, mamlaka ya utangazaji ya Uturuki ilisema imepokea malalamiko zaidi ya 70,000, watu wakikasirika kwamba mfalme wao anaonyeshwa sana akiwa na wanawake. Novemba 2012 Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, aliisema hadharani kwamba Süleyman wanayemjua wao alikaa miaka 30 juu ya farasi. Shemeji yangu wa barazani anasema hayo hayo, ila yeye haikosi hata usiku mmoja. Kwao kosa lilikuwa Sultani anakaa sana ndani. Kwenu kosa ni kwamba anakaa sana kimya. Mtu huyu alitawala miaka 46, Bwana Meneja. Alipofariki vitani Szigetvár, Septemba 1566, waziri wake alikificha kifo chake zaidi ya mwezi mzima ili jeshi lisivunjike. Historia yenyewe ilikuwa inajua kungoja.

Niseme na la lugha, japo si kubwa. Sauti mlizotia ni nzuri, hasa ya Hürrem. Lakini kwa nini mtumishi anamwambia İbrahim Paşa "sawa bosi"? Kwa Kituruki anasema efendim. Neno afande tunalo, askari wetu wanaitana hivyo kutwa, na limetoka huko huko kwenye efendi. Lilitufikia na viatu vyake, nyinyi mmelifukuza mlangoni.

Na msidhani kwetu pwani hiyo ni hadithi ya watu wa mbali. Marehemu mume wangu alikuwa akitembeza wageni Ngome ya Yesu, na huwezi kuishi na mtu kama huyo ukabaki mjinga wa tarehe. Süleyman akishinda vita vya Mohács, Hungaria, mwaka 1526, miaka miwili baadaye Wareno wa Nuno da Cunha wako hapa wanauvunja mji wetu. Enzi za mjukuu wake, Murad, nahodha Mir Ali Bey alikuja na merikebu za Kituruki mpaka Mombasa, Wareno wakamkamata hapa hapa mwaka 1589, na wakaanza kujenga ngome mwaka 1593. Kwa hivyo ramani inapofunguliwa mbele ya Sultani, mle ukumbini kwangu kuna watu wanatafuta kisiwa chao. Ramani nayo mmeikata. Ilikuwa haisemi.

Kinachonitia hofu zaidi kiko mbele. Wasiojua wasisome aya hii. Tutafika kwa Shahzade Mustafa, yaani mwana wa mfalme, yule wa Mahidevran. Oktoba 1553, karibu na Ereğli, anaitwa kwenye hema la baba yake. Amekwishaonywa asiende. Anakwenda. Kule Muscat ule mwendo wa kuelekea hemani ulitukalisha kimya nyumba nzima, na dada yangu mgonjwa akatoka kitandani akaja kusimama mlangoni. Hakuna "kinachotokea" hapo: ni kijana anatembea kwenda kwa baba yake. Sehemu hiyo ilipoonyeshwa Uturuki, Februari 2014, watu walikwenda kwa wingi kuzuru kaburi lake Bursa, kumlilia mtu aliyeuawa miaka 460 nyuma. Mkimkimbiza Mustafa kama aliyechelewa feri, mimi sitapiga simu tena. Nitakileta king'amuzi chenu ofisini kwa mkono wangu, na waya wake.

Ninachoomba ni hiki. Ichezeni kwa mwendo wake, bila kuisukuma. Rudisheni vipande mlivyokata kuanzia mwanzo wa Juni. Kama kuna haja ya kufupisha, fupisheni yaliyopita yawe dakika moja, na mwondoe vile vipande vya kurudiarudia baada ya matangazo. Kwenye kufupisha awekwe mtu aliyeitazama hadithi mpaka mwisho, mitambo ipumzike. Na malipo yangu ya Juni nirudishieni nusu, kwa kuwa nilionyeshwa nusu. Kama mnaona aibu kunirudishia mimi peke yangu, niwekeeni wiki mbili za bure na tutanyamaza.

Jibu nitalipokea kwa simu niliyosajili kifurushi. Msipige saa tatu usiku.

Nimeambatisha karatasi ya zile siku 14 na dakika zake. Wenzangu watano wametia saini chini, na mama mkwe ameweka kidole gumba, akasema niwaandikie kwamba yeye hana taabu na polepole. Doa la mafuta pembeni ni la bajia, mtuwie radhi.

Wenu,
Fundi wa kofia,
Mji wa Kale, Mombasa