Ubongo kukokotoa hakufuti hiari

Mhariri,

Wapo wanaodai kwamba akili ikiwa ni ukokotoaji tu, yaani kufuata kanuni hatua kwa hatua kama kompyuta, basi hiari ya binadamu ni kiini macho. Hoja hiyo inaruka hatua.

Ushahidi wanaoushika mno ni jaribio la mtafiti wa ubongo Benjamin Libet la mwaka 1983. Mshiriki alikunja kiganja wakati wowote autakao huku akitazama nukta inayozunguka saa, kisha akataja nukta ilikuwa wapi alipohisi nia. Umeme wa ubongo ulianza kupanda kama milisekunde 550 kabla ya msuli kushtuka. Nia ilitajwa kama milisekunde 200 kabla. Wanaopinga hiari wakahitimisha: ubongo umeshaamua, mwenyewe anaarifiwa baadaye.

Tatizo ni kwamba mchoro ule wa umeme kupanda ni wastani wa majaribio mengi, yaliyopangwa kurudi nyuma kuanzia msuli uliposhtuka. Mwaka 2012 mtafiti wa ubongo Aaron Schurger na wenzake walionyesha kuwa mawimbi ya kubahatisha, yanayopanda na kushuka hadi kugusa kizingiti (kiwango kinachoanzisha tendo), yakipangwa vivyo hivyo hutoa mchoro unaofanana. Kupanda kule, basi, si lazima kuwe uamuzi uliokwisha kupita. (Na kukunja kiganja bila sababu yoyote ni mfano dhaifu wa kuamua jambo.)

Tena, kufuata kanuni si kutabirika. Kutokana na kazi ya mwanahisabati Alan Turing ya mwaka 1936, tunajua hakuna utaratibu mmoja wa kubaini, kwa kila programu, kama itasimama au itaendelea milele. Hilo halithibitishi hiari. Wanaolitumia hivyo nao wanakosea. Ila anayesema ubongo unaokokotoa ni mashine tu, na mashine haichagui, bado hajatueleza kupima sababu na kubadili nia kwa ajili ya sababu hizo kunapungukiwa nini.

Msomaji