Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Wodi za saratani ya matiti zinahitaji mikono inayojua kukanda

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia kuhusu mkono wa kulia wa dada yangu.

Dada alikatwa titi pamoja na tezi za kwapani, kisha akapewa tibakemia na mionzi. Yuko hai, na waliomtibu nawaombea heri kila siku. Miezi kadhaa baadaye saa ya mkononi ikaanza kumbana. Kisha mikono ya blauzi ikawa haipiti, upande ule mmoja tu, na ukimbonyeza kidole kinaacha shimo. Kliniki tuliyokwenda tuliambiwa ni kawaida, azoee. Nilipouliza kama anaweza kukandwa, muuguzi alishtuka: asiguswe kabisa, saratani itasambaa! Tukarudi nyumbani tumenywea. Maumivu yalipomzidi akaenda kwa mkandaji asiyejua lolote kuhusu tezi, naye akamkanda kwa nguvu kama mtu aliyeteguka. Usiku ule mkono uliumuka, ngozi ikavutika mpaka ikang'aa.

Mheshimiwa, hakuna ushahidi kwamba kukandwa husambaza saratani. Zipo tahadhari, nazo zinafundishika. Uvimbe wenyewe wa saratani haubonyezwi, wala kidonda kibichi cha upasuaji, wala ngozi iliyobabuka kwa mionzi. Mgonjwa ambaye saratani imefika mifupani, au ambaye chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka, hakandwi kwa nguvu. Kiungo kilichovimba ghafla kinaachwa mpaka daktari ahakikishe hakuna damu iliyoganda mshipani. Haya muuguzi yeyote anaweza kuyashika akifundishwa.

Kukanda hakutibu saratani, na anayedai hivyo anastahili kuzuiwa. Lakini mwaka 2018 chama cha wataalamu wa saratani cha Marekani, ASCO, kiliridhia mwongozo unaopendekeza ukandaji kwa wanawake wenye saratani ya matiti walioelemewa na huzuni na kuvurugika kwa hisia. Mwongozo wa mwaka 2022 ukaongeza kwamba waliobaki na maumivu ya muda mrefu baada ya matibabu wanaweza kupewa huduma hiyo. Kuhusu mkono kuvimba, takriban mwanamke mmoja kati ya watano waliotibiwa saratani ya matiti hupatwa na hali hiyo, hasa waliotolewa tezi nyingi. Ukandaji wa kusukuma maji ya limfu, yaani majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi hizo, umekuwapo tangu miaka ya 1930, alipouanzisha Mdenmark Emil Vodder. Peke yake hautoshi. Unakwenda pamoja na bandeji za kubana, mazoezi na kutunza ngozi.

Mwishowe tulimpata mtaalamu wa fiziotherapia anayeijua kazi hii. Nilikaa pembeni nikitazama. Alimwomba dada ruhusa kwanza, akapasha viganja joto. Hakuanza na mkono uliovimba. Alianzia shingoni, akaenda kwenye kwapa la upande wa pili, usio na ugonjwa, ndipo akarudi polepole, akiivuta ngozi tu kwa wepesi kama anayefuta vumbi kwenye picha. Maji, alinieleza, lazima yafunguliwe njia kabla ya kusukumwa. Dada yangu, ambaye tangu upasuaji hakutaka mtu aone kifua chake, hata mimi niliyezaliwa naye, alilala usingizi palepale kitandani.

Huyo mtaalamu ni mmoja. Nakuomba mafunzo haya yaingizwe kwenye masomo ya wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia, na kila hospitali inayopasua matiti iwe na angalau watu wawili wanaoyajua, maana mmoja akienda likizo huduma inasimama. Soksi za kubana mkono na bandeji zihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu. Wakandaji wa mitaani nao wasisahauliwe. Wagonjwa wataendelea kwenda kwao, basi wafundishwe kuuliza kabla ya kugusa.

Na kuna jambo lisilosubiri bajeti. Kabla mgonjwa aliyetolewa tezi hajaruhusiwa kwenda nyumbani, mtu akae naye nusu saa, pamoja na ndugu atakayemuuguza, awaonyeshe dalili za mwanzo na namna ya kujikanda. Mimi nilionyeshwa wakati mkono umeshavimba. Sasa namkanda dada kila jioni, na wiki iliyopita saa yake ilifungika tena, kwenye tundu la mwisho.

Wako mtiifu,
Mdogo wa mgonjwa