Majike wapimwe mimba kabla ya kuuzwa Pugu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu tunaoishi Dar es Salaam na kufuga kwa simu. Ng'ombe wangu wa nyama wako Lugoba, mimi niko Tabata, na kwa miaka 6 nilichojua juu yao ni kile alichonieleza kijana anayechunga: wazima, mvua imenyesha, mmoja kazaa.

Februari mwaka huu nilipeleka mnada wa Pugu jike mmoja mwekundu. Kijana aliniambia, "Mama, huyu tasa, mwaka wa pili sasa hajazaa." Nikakubali. Aliyemnunua ni mchinjaji tunayefahamiana, naye ndiye aliyenipigia alfajiri nifike machinjioni nijionee. Ndama alikuwa ameshaota manyoya mwili mzima, kwato zake laini, za njano, ulimi nje. Alibakiza wiki chache tu. Nimefanya kazi ya ukunga miaka 28, Mhariri. Siku ile sikusema na mtu mpaka nafika nyumbani.

Kliniki, kila mama mjamzito alikuwa na kadi yake. Ng'ombe wangu 34 hawakuwa na hata daftari la shule. Kijana simlaumu. Nilimpa fimbo na mabuti, sikumpa kalamu.

Daktari wa mifugo anavaa glavu ndefu, anaingiza mkono kwenye njia ya haja kubwa, na mimba ikiwa na miezi 3 anaitambua papo hapo. Malipo yake hayafikii hata robo ya thamani ya ndama.

Ila tatizo lenyewe linaanzia kwa dume. Tumezoea atembee na majike mwaka mzima, kwa hiyo wanazaa mwezi wowote, hata Septemba majani yamekauka na mama hana maziwa. Ng'ombe hubeba mimba siku 283 hivi. Nikapiga hesabu kama nilivyokuwa nawapigia kina mama: nikaingiza dume kundini Juni 1, majike wamenawiri kwa majani ya masika, nikamtoa baada ya siku 65, muda wa jike kupata joto, yaani kumtaka dume, mara 3. Ndama wa kwanza nawatarajia katikati ya Machi, masika ikianza. Dume wa zamani nilishamuuza, maana alifika mahali pa kuwapanda binti zake mwenyewe.

Kwa hesabu hiyo, Januari na Februari, jua la Pwani likiwa kali, ndipo mama anapohitaji chakula zaidi, kwani ndama hukua sana tumboni miezi 2 ya mwisho. Mashudu ya alizeti, pumba na jiwe la chumvi nimeanza kuvinunua mapema. Ukingoja mpaka uhesabu mbavu zake, umechelewa. Atazaa, sawa, lakini joto halitarudi kwa wakati, na ili azae kila mwaka anazo siku 80 tu za kushika mimba nyingine.

Halafu dang'a, yale maziwa ya kwanza mama akishazaa. Hili mimi mkunga mzima sikulijua! Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga ya mama yake akiwa bado tumboni. Ndama haipati huko, anaipata kwenye dang'a, na siku ya kwanza ikipita utumbo wake hauipokei tena. Wachungaji wetu, nawaomba sana, msiyakamue maziwa hayo. Ndama anyonye ndani ya saa 6 za kwanza, na kitovu kipakwe iodini. Akishakua kidogo apate chanjo ya ndigana kali, na josho liendelee, maana chanjo hiyo haizuii magonjwa mengine ya kupe.

Ombi langu kwa wanaosimamia minada: awepo mtaalamu wa kupima mimba pale Pugu, na jike asiuzwe kwa mchinjaji kabla hajapimwa. Mwenye mimba auziwe mfugaji au arudi alikotoka. Na sisi wenye ng'ombe tulipie kipimo hicho bila kunung'unika. Mimi niko tayari kuanza.

Mkunga mstaafu na mfugaji,
Tabata, Dar es Salaam