Shukrani kwa mzee wa Keko aliyenifundisha kuunga kona za droo

Shikamoo mzee wangu. Jina lako silijui, ila droo za kabati la mama zinavutwa kutwa nzima na hakuna kona hata moja iliyoachia, kwa hiyo nakushukuru hadharani.

Uliacha kazi yako pale Keko, Dar es Salaam, ukanionyesha namna ya kuchonga ulimi na mfereji bila kubadilisha vipimo vya ruta, ile mashine ya kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka, ikiwa imefungwa chini ya meza: ubao wa milimita 12, kisu cha milimita 6, kimo cha kisu juu ya meza milimita 6, na nafasi ya milimita 6 kati ya kisu na kizuizi, yaani ukingo wa kuongozea ubao. Mbao za ubavuni zinapita zikiwa zimelala, zinapata mfereji. Za mbele na nyuma zinapita zikiwa zimesimama, uso wa ndani ukigusa kizuizi, zinabaki na ulimi. Ukivuta droo, ulimi unakaza ndani ya mfereji. Mzigo hauachiwi gundi na misumari peke yake. Nani mwingine angenieleza haya bure, huku wateja wanamsubiri?

Lililonifaa zaidi ni kujaribu kwanza kwenye vipande vya mabaki. Ulisema ulimi uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo, ile milimita 6 iliyobaki mwishoni mwa ubavu itapasuka, maana nyuzi zake pale ni fupi. Ukakipasua kipande kimoja makusudi ili nione.

Mbao za mkongo zilizobaki nimeziweka, nitamchongea dada kisanduku. Mungu akupe afya tele, mzee wangu, na akuzidishie riziki.