Whittaker hakuanzia 1982

Kwa Mhariri,

Kila sikukuu ya kitaifa ikikaribia, redio zetu hutoa kabatini wimbo uleule wa Roger Whittaker, ule wa 1982 wa kuisifu Kenya. Mtangazaji hutuambia huyu ni Mzungu aliyeipenda nchi yetu, wimbo unapigwa, basi. Wimbo wenyewe sina ugomvi nao. Kinachonikera ni kwamba miaka yote ya kabla yake huachwa, na ndiyo yenye mambo.

Alizaliwa Nairobi Machi 1936, wazazi wake wakiwa Waingereza wa Staffordshire. Kiswahili alikijua vizuri. Alisoma Prince of Wales, leo Nairobi School, enzi hizo shule ya watoto wa Kizungu pekee. Alipomaliza aliitwa jeshini, akatumikia miaka miwili katika Kenya Regiment, kikosi cha walowezi, msituni Nyandarua wakiwasaka Mau Mau. Hapo ndipo watangazaji huruka. Wasiruke! Tuna wazee waliokuwa msitu huohuo, upande wa pili wa bunduki, na kumwita Whittaker mwana wa Kenya bila kulitaja hilo ni kuwafunika wazee hao blanketi. Sisemi asusiwe. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyowaita vijana wa rika lake. Lakini lisemwe.

Mwaka 1956 alitoka jeshini, akaenda Cape Town kusomea udaktari. Baada ya mwaka na nusu akaacha, akashika chaki. Mwaka 1959 akahamia Uingereza, na si muda mrefu akawa mwanafunzi tena, huko Bangor, kaskazini mwa Wales. Darasani alisoma zoolojia na viumbe vya baharini, vilabuni aliimba. Nyimbo zake za mwanzo zilitolewa kwenye santuri nyembamba za plastiki laini, zikaambatanishwa na gazeti la wanafunzi. Yaani mtu ananunua gazeti la chuo, anachomoa kisahani kinachopindika mkononi, anakiweka kwenye gramafoni na kumsikia mwanafunzi mwenzake!

Kampuni ya Fontana ikamchukua, na mwaka 1962 ikatoa santuri yake ya kwanza kwa jina la Rog Whittaker. Kiangazi hicho alikuwa Portrush, mji wa pwani wa Ireland Kaskazini, akitumbuiza, hadi Televisheni ya Ulster ikamweka kwenye kipindi chake. Digrii aliipata, lakini maabara haikumwona tena.

Umaarufu haukuja mbio. Mwaka 1967, kwenye mashindano ya Knokke, Ubelgiji, aliwateka watu kwa kupiga mbinja, kipaji ambacho sisi tunaosikia wimbo mmoja tu hatukijui kabisa. Uingereza yenyewe ilimkubali 1969, kwa Durham Town, kibao cha kwanza kumwingiza katika ishirini bora za huko. Wajuzi wa ramani watacheka: mvulana wa kwenye wimbo anakaa kando ya mto Tyne, nao Tyne ni wa Newcastle. Durham una mto wake, Wear. Mtunzi, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa mgeni huko.

Sikukuu ya Jamhuri ijayo, watangazaji watupigie Durham Town kwanza. Ule wa 1982 ufuate.

Msomaji wenu,
Nakuru