Mwanangu, Jitafutie Mfamasia Anayekujua

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu ulinitajia jambo kwa haraka, kama halina uzito. Kichwa kinakuuma mara kwa mara siku hizi, na kila kikianza unaingia duka la dawa lolote lililo karibu, unanunua vidonge, unameza, unaendelea na shughuli zako. Simu ilikatika nikabaki na hilo moyoni. Wewe una pumu tangu ukiwa na miaka 4. Mimi ndiye niliyekesha nawe umekaa kitandani, mabega yakipanda na kushuka kutafuta hewa. Baadhi ya wenye pumu wakimeza aspirini au ibuprofeni, kifua hubana. Pengine wewe si mmoja wao. Lakini huyo anayekuuzia anajua kwamba una pumu? Atajuaje, ikiwa kila mara ni mtu mwingine?

Ndiyo maana nakuandikia. Chagua famasi moja, na humo ndani mfamasia mmoja, umfanye akujue.

Kuna kisa sikuwahi kukusimulia, maana ulikuwa kwenye mitihani na sikutaka kukutia wasiwasi. Unajua nameza dawa mbili za presha, mojawapo ni ile ya kukojoza. Goti liliponisumbua nilikwenda kwa daktari mwingine, akaniandikia dawa ya maumivu ya jamii ya ibuprofeni. Hakuniuliza natumia nini, nami sikusema. Nilidhani goti na presha ni mambo mawili tofauti. Nikapeleka cheti kwa mfamasia wangu wa siku zote. Alikisoma, akanitazama, akauliza, "Mama, zile mbili za presha bado unaendelea nazo?" Nikamwambia naendelea nazo. Akanieleza taratibu kwamba dawa yangu ya kwanza ya presha, ile ya pili ya kukojoza, na hii mpya ya goti, zikikutana zote tatu kwa pamoja zinaweza kuziumiza figo, hasa kwa mtu wa umri wangu, na zaidi akiwa anaharisha au hanywi maji ya kutosha. Akampigia simu daktari nikiwa nimesimama palepale, nikabadilishiwa dawa. Yote hayo yalichukua dakika chache tu. Nilipofika nyumbani nilikaa kimya muda mrefu nikiwaza ingekuwaje kama siku ile ningeingia duka lingine.

Sasa nirudi kwako. Kichwa hicho kisipopoa utakwenda kwa daktari, na nakusihi uende. Miongoni mwa dawa za kuzuia kipandauso kisijirudie ipo propranololi. Imewasaidia wengi, lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa hadi hatari. Daktari akiwa na haraka, nawe ukisahau kusema, anayebaki kati yako na kidonge hicho ni mtu wa nyuma ya kaunta. Nataka awe mtu anayekukumbuka.

Tena anaweza kuona usichokiona mwenyewe. Ile pampu yako ya bluu, ya kufungua kifua, unainunua mara ngapi? Wewe huweki hesabu. Anayekuhudumia kila mara ataona umerudi mapema. Mtu anayemaliza pampu 3 au zaidi za aina hiyo kwa mwaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa vibaya, hata kama kila siku anajisikia mzima. Kwa kawaida hiyo ni dalili kwamba pumu haijatulia na ile pampu nyingine, ya kila siku, ama haitumiki ama haitumiwi ipasavyo. Na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu tulionyeshwa mara moja tu miaka mingi iliyopita: kutikisa, kutoa pumzi yote, kubonyeza huku ukivuta polepole, kisha kubana pumzi kwa kama sekunde 10. Ile ya kila siku yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, usukutue kinywa baada yake na kutema maji, usije ukaota utando wa fangasi mdomoni.

Utajuaje kwamba umempata anayefaa? Atakuuliza kabla ya kukuuzia. Ukienda na mafua ukaomba antibayotiki atakukatalia, kwa sababu mafua huletwa na virusi na antibayotiki haziviui. Siku nyingine atakwambia hapa hakuna dawa ya kukupa, nenda hospitali, na atakuwa amekosa mauzo kwa ajili yako. Hakikisha tu unayeongea naye ni mfamasia mwenyewe, kwani si kila anayekupa dawa dukani amesomea kazi hiyo. Ukiona haya kusema mbele ya watu, mwombe mzungumze pembeni. Wamezoea.

Usimfiche kitu. Mwambie vitamini unazotumia, mitishamba uliyopewa na rafiki, na hata dawa za mafua, maana nyingi huwa na parasetamoli ndani. Ukiongeza na vidonge vya kichwa unajikuta umezidisha bila kujua, na ini ndilo linaloumia. Kwa mtu mzima kikomo cha kawaida ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500.

Jumamosi hii nenda asubuhi, wateja wakiwa bado wachache. Tia kwenye mfuko kila dawa iliyomo chumbani mwako, hata zilizobaki nusu, na pampu zote mbili. Vuta pampu mbele yake, autazame mkono wako na pumzi yako. Kisha nipigie uniambie amekurekebisha wapi.

Nakupenda,
Mama yako